Visiki Kumi na Viwili vya Salvia

Wasifu wa mama mkwe wangu ulikuwa na kurasa mbili zilizochapwa, na mwaka ninaotaka kuusimulia hapa ulipewa sentensi moja. "Baada ya kufiwa na mume wake, marehemu aliishi kwa muda kule tambarare, kisha akarejea nyumbani Poli." Aliyesoma ni mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya, na alipoifikia sentensi hiyo hakuvuta hata pumzi. Aliipita kama mtu anayepita mlango wa duka ambalo hanunui kitu, akaenda zake kwenye habari za umoja wa wanawake wa kanisa. Mimi nilikuwa safu ya pili chini ya turubai, mguu mmoja wa kiti changu cha plastiki umezama kwenye tope, maana Poli, kule juu mlimani, hunyesha hata siku ambazo redio imeapa kuwa hakutanyesha. Nilitamani kunyoosha mkono nimwambie arudie. Msibani hakuna anayenyoosha mkono. Basi nikakaa na uchovu wangu na magoti yangu yanayouma, nikasikiliza mpaka mwisho, tukaimba, tukatupa udongo, tukanawa mikono.

Kwenye foleni ya chakula watu watatu walinipongeza. Nina kitalu cha miche pale Lemara, kando ya barabara, na wengi wananijua kama mama wa salvia, yale maua ya majani ya kijivu yenye harufu kali na vishada vya zambarau. Wenye hoteli na wenye nyumba kubwa wanayataka sana siku hizi kwa kuwa maji ni ya mgawo na nyasi zao zimewafia. "Mama Neema," aliniambia wa kwanza, "mkono wa maua umeurithi kwa mkweo." Nikasema asante. Wa pili akasema vile vile, na wa tatu, nikasema asante. Nimeisema asante hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na sasa nimeichoka. Ukweli ni kwamba mwenye mkono wa maua alikuwa yeye. Mimi niliyaua maua yake yote kwa asubuhi moja, na kwa sababu hiyo akapoteza nyumba yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke wa wiki sita, baba mkwe alipofariki ghafla kule tambarare, chini kabisa ya Mbuguni, ambako barabara ilikuwa bado haijaamua kama ni barabara. Alikuwa amehamia kule na mkewe kwa sababu mlimani ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka mtu akitema mate anatemea kwa jirani. Wakamzika hapohapo nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa mwenyewe alishasema hivyo. Baada ya arobaini, Zablon, mume wangu, akaenda Mererani kutafuta tanzanite pamoja na vijana wenzake, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba wengine wote watakosa ila yeye. Mimi nikaachwa nimsindikize mama yake katika upweke. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nilihitaji kusindikizwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, matofali ya udongo na bati. Chumba kimoja kilikuwa sebule na ghala, kingine tulilala wote wawili, vitanda vikitenganishwa na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Upande wa Mama ulikuwa na dirisha, na dirisha lilitazama kaburi. Ukutani kulikuwa na kalenda nne za kanisa za miaka iliyopita, ambazo hazikutolewa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na nyufa. Vumbi liliingia kila mahali. Tulifunika sukari kwa sahani, sahani kwa kitambaa, na bado chai ilikuwa na mchanga chini. Jikoni ni kibanda cha mabati cha peke yake, na kutoka humo mtu aliweza kusikia kila neno lililosemwa barazani. Humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu ninachokijua kuhusu ukoo ule.

Humo ndimo nilimomsikia Baba Mkubwa. Alikuwa kaka wa marehemu, mzee mrefu mwenye shamba la kahawa Poli, na siku ya kutawanyika matanga alikaa barazani na Mama wakati mimi naosha sufuria. "Shemeji, mimi si mtu mbaya," alisema, na nilimwamini, na mpaka leo sijui kama nilikosea. "Kwetu mtu akifa analala chini ya migomba, umande unamwangukia kila asubuhi. Ndugu yangu amelala kwenye vumbi, mbuzi wanapita juu yake. Mwisho wa mwaka tutakuja na mchungaji na msalaba. Tukikuta hapa pamekuwa nyumbani kwa mtu, tutaomba, tutakula, tutaondoka. Tukikuta pori, utapanda gari pamoja nasi. Chumba chako cha nyuma kipo." Halafu Mama: "Nimesikia, shemeji."

Chumba kile cha nyuma alikifahamu. Alikaa humo miaka kumi na mmoja alipoolewa, nyuma ya nyumba ya shemeji yake, akiomba ruhusa hata ya kuwasha moto wake mwenyewe. Nilimuuliza siku moja, kwa ujinga wa ujana, kama huko mlimani si pazuri kuliko hapa, maana mimi mwenyewe ni wa Akheri na nilikuwa naota ndizi usiku. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso. "Hapa nikitaka kuchemsha maji saa nane mchana, nachemsha," alisema. "Hakuna anayeniuliza ni ya nini." Sikuelewa. Siku hizi, nyumbani kwangu, nachemsha maji saa nane mchana pasipo sababu, nakaa nayatazama.

Alianza na masale, ile mimea ya majani marefu, kama sisi wote tunavyopanda makaburini. Yalikauka kabla ya Pasaka. Akaleta bogenvilia kutoka soko la Tengeru, mbuzi wa jirani wakala. Akajaribu maua ya kopo, yale mekundu ya madirishani, yakaungua na jua. Kisha, wakati wa masika, ambayo mwaka ule yalikuwa mawingu tu na manyunyu ya wiki mbili, akapata vile vijivu. Zamani alifua nguo katika nyumba ya meneja mmoja wa shamba kule Usa River, na meneja mpya aliyehamia hapo alitaka nyasi tupu, akaamuru vichaka vya salvia ving'olewe. Mama alisikia, akaenda akaviomba. Alirudi juu ya lori la mchanga, amekaa katikati ya vichaka kumi na viwili vya zamani vyenye mashina ya miti, mizizi imefungwa kwa magunia mabichi, nguo zake zote zinanuka dawa. Jina la salvia hakulijua wala hakulitaka. Aliviita vijivu mpaka anakufa.

Nilidhani tutachimba mashimo na kutia samadi, kama watu. Yeye akanituma korongoni kuleta mchanga na ile changarawe nyekundu ya volkano, tukajenga matuta ya kufika gotini, sita upande huu wa kaburi na sita ule, akapanda juu ya matuta. Nilipokuja na karai la samadi kutoka kwenye boma la jirani, alinirudisha nalo. "Ukikilisha kitanenepa, kikinenepa kitaanguka." Na maji? Tuliyachota kisimani mbali, kwa punda wa jirani, madumu manne kwa safari. Wiki mbili za mwanzo kila kichaka kilipata kopo moja jioni. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki. Baada ya hapo, hapana. Nilikuwa nakaa mlangoni naviona vimelegea saa saba mchana, majani yamejikunja, na moyo unaniuma kwa sababu nimekulia kando ya mfereji, mahali ambapo kunyima mmea maji ni roho mbaya. "Mama, tuvipe hata kidogo." "Usivionee huruma. Vinatafuta maji chini. Ukivipa juu vitaacha kutafuta, na siku ukiugua vitakufa." Ilimbidi anishike mkono mara moja, kopo likiwa limeshajaa. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Jirani yetu, Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian, mwanamke wa Kiarusha mwenye punda wale, alikuja akavunja tawi, akanusa, akacheka. "Hii ni leleshwa ya wazungu," alisema, akachukua majani akajisugulia kwapani kama wanavyofanya na leleshwa, kile kichaka cha porini chenye harufu. Tangu siku hiyo kila akipita alichuma kidogo, na Mama alimruhusu, japo mtu mwingine yeyote akigusa alinguruma. Mbuzi wenyewe walinusa mara moja wakaenda zao. Kufikia Julai vichaka vilikuwa vimeshika. Agosti vikatoa maua. Sijui niseme nini juu ya maua yale. Pande zote za upeo wa macho hapakuwa na rangi isipokuwa ya udongo, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mistari miwili ya zambarau na nyuki wametoka sijui wapi. Wachungaji wa ng'ombe walisimama kutazama. Mama alibeba kigoda chake akakiweka kati ya kaburi na ukuta, na hapo ndipo tulipokula makande yetu ya jioni, mwezi mzima, bila kuongea sana. Siku moja alisema, akiwa amejaza mdomo, "Watakuta nyumbani kwa mtu." Ni mara pekee nilimsikia akijisifu.

Nisitie chumvi, hatukuwa mama na mwana wa kwenye nyimbo. Mimi nilikuwa mvivu wa kuamka na yeye alikuwa na maneno. Wiki ya kwanza tu alinipa jembe akaniambia, "Methali inasema siku ya tatu, lakini wewe si mgeni." Tulikula makande siku tatu mfululizo kutoka sufuria moja, siku ya nne ugali na mgagani, siku ya tano tunaanza makande mengine. Nilikonda. Zablon alikuja mara mbili mwaka mzima, mweupe wa vumbi la mgodini, akalala siku nzima, akala, akaahidi, akaondoka. Nilitaka kitu kimoja tu, mtu aseme kwamba nimefanya jambo jema. Nasema haya si kujitetea. Nimefika umri ambao kujitetea kunachosha kuliko kushtakiwa.

Novemba, vuli haikuja. Maua yalikwisha, vishada vikakauka vikawa vya kahawia, na vichaka vikarefuka vibaya, matawi yamelala huku na huku, chini yamevuliwa majani yote ikabaki miti mitupu. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya msalaba. Mama alivitazama na kusema tutaondoa vishada vilivyokauka tu, taratibu, akirudi. Alikuwa anapanda Poli kwa wiki moja kwenda kuupa ukoo taarifa ya siku, kama inavyotakiwa, maana mjane hatumi ujumbe, anakwenda mwenyewe. Aliniachia nyumba, na kuku, na pipa la maji.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye kahawa angeona nilichokiona. Niliona mibuni mizee. Baba yangu kule Akheri alikuwa na mibuni kama hiyo, mirefu kupita kiasi, uchi chini na majani machache juu, na kila baada ya miaka kadhaa alichukua msumeno akaikata ikabaki visiki vya kufika gotini. Mkato wa mshazari, ukitazama chini, ili mvua isikae. Akazungushia samadi na maji ya mfereji. Wiki chache tu kisiki kinatoa machipukizi, unachagua matatu mazuri, mengine unayang'oa, na mti unakuwa kijana tena. Tangu utotoni niliona ni jambo zuri kuliko yote yanayofanyika shambani. Nilisema moyoni: nitamfanyia Mama hivi, akirudi atakuta visiki vinachipua, na siku ya msalaba vitakuwa vichaka vipya vimejaa majani. Niliazima msumeno kwa fundi wa mabanda, nikaanza alfajiri kukiwa na ubaridi. Vyote kumi na viwili. Mkato wa mshazari. Nilikuwa naimba. Kisha nikaenda kwa Yeyo Naserian nikabeba samadi karai sita, nikavipa kila kimoja ndoo nzima ya maji, maji ya siku nne, nikiwaza kwamba nitakwenda kisimani mwenyewe bila kulalamika.

Yeyo Naserian alikuja mchana kuchuma majani yake. Alisimama akaweka kiganja mdomoni. "Mama yako amekuambia hivi?" aliniuliza. Nikasema hapana, ila atafurahi. Akasema, "Leleshwa ukikata mguu, inakufa," akaenda. Nilidhani ni maneno ya watu wa porini ambao hawajawahi kulima.

Mama alirudi siku ya saba, na kapu la ndizi kichwani. Alikuwa amenibebea ndizi kutoka Poli, mkungu karibu mzima, kwa sababu alijua. Aliliweka kapu chini mlangoni, akazunguka nyumba, nami nyuma yake natabasamu. Alipita kwenye kisiki kimoja kimoja. Aliinama, akakwaruza gome kwa ukucha, akaenda kwenye kingine, akakwaruza. Alifika cha kumi na mbili akasimama. "Nani alikufundisha hivi?"

"Baba."

"Baba yako alilima kahawa," alisema. Hakuinua sauti. "Mbuni una macho ya kuchipua ndani ya mti mkavu. Hivi havina. Pasipo na jani, hakuna kitu." Akaingia jikoni akamenya zile ndizi, akazipika na maharage, tukala. Sikuwahi kula ndizi mbaya kama zile, na hazikuwa na kosa lolote.

Kila asubuhi kwa wiki tano nilikwenda kupiga magoti mbele ya visiki. Siku nyingine niliona kitu cha kijani, kumbe ni mdudu. Mama alichambua rundo la matawi niliyokuwa nimeyatupa kwenye ua, akapata ncha chache zilizokuwa hazijakauka kabisa, akazichomeka kwenye mchanga ndani ya sufuria kuukuu kivulini. Nyingi zilikufa. Nne zilishika, kila moja ikiwa na urefu wa kidole. Samadi yangu na maji yangu vilimalizia kazi iliyobaki: visiki vikaoza kwenye mizizi, na siku moja nilipokishika kimoja kikang'oka mkononi bila kuvutwa, nilikirudisha shimoni, nikakisimamisha, nikakizungushia changarawe ili Mama asione. Aliona.

Walikuja na fuso, wiki moja kabla ya Krismasi. Mchungaji, kwaya, wazee, wanawake na masufuria, msalaba umefungwa kwenye shuka. Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, alishuka wa kwanza akaomba maji ya kunawa. Walizunguka nyuma ya nyumba, na nyimbo zikakatika. Kaburi lilikuwa katikati ya visiki kumi na viwili vilivyokatwa. Niwaeleze wasiojua: kwetu mmea wa kaburini haukatwi. Sale likipandwa kichwani kwa marehemu linaachwa mpaka lianguke lenyewe, na anayelikata ni kama anamwambia marehemu aondoke. Mimi nilijua hilo tangu mtoto. Nilipokuwa na msumeno sikuliwaza hata kidogo, maana kwangu vile havikuwa masale, vilikuwa kahawa. Lakini niliposikia kimya kile, nilijua kitakachofuata. Mkamwana wa mwaka mmoja amekata kaburi la baba mkwe wake.

"Nani amekata?" aliuliza Baba Mkubwa.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mama akasema, "Nimekata mimi," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Ibada ikafanyika. Msalaba ukasimamishwa. Watu wakala wali na nyama, wakiongea chinichini. Nikamwona Baba Mkubwa anamwita Mama nyuma ya jikoni, na Mama Mkubwa akawafuata na beseni lake mkononi. Nilikuwa mbali, nagawa soda, sikusikia neno. Walikaa huko muda wa chungu cha chai kuchemka. Mama alitoka, akaingia ndani, akaanza kufungua lile pazia la kanga. Nikajua ameambiwa apande gari. Nikamsaidia kufunga godoro, na hata hapo, tukiwa wawili tu chumbani, sikusema. Alinipa ile sufuria yenye miche minne. "Chukua. Huko mlimani vitaoza, maji mengi." Nami nikapelekwa Arusha kwa dada yake Zablon, kumngoja mume wangu, na hiyo ndiyo mbegu ya kitalu changu chote.

Zablon alirudi kutoka mgodini bila jiwe na akiwa na kikohozi, akapata kazi ya ulinzi, tukazaa, tukagombana, tukanyamaza, tukazeeka. Ni ndoa ya kawaida. Mama alikaa kwenye chumba cha nyuma mpaka alipokufa. Ukuta ulikuwa na ukungu wa kijani mwaka mzima. Nyumba ya tambarare iliezuliwa mabati, udongo ukarudi kuwa udongo. Nilipokwenda kumsalimia, kila mara, hata alipokuwa haoni vizuri, alisikia hatua zangu na kuuliza, "Umekuja na msumeno?" Watu wakacheka, hawakujua wanacheka nini. Nilichukia swali lile. Nililisikia kama mtu anayenikumbusha kwamba hajasahau na hatasahau, na nilimwona ana haki, na kumpa mtu haki yake kila mwaka ni kazi nzito.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa bado Poli, tunamenya ndizi za wageni wa mwisho, mimi na Mama Mkubwa. Baba Mkubwa alishatangulia zamani. Yeye sasa ni bibi mdogo kama mtoto, mikono inamenya peke yake. Sijui kilichonisukuma, labda ni uchovu tu, mtu akichoka sana anaweka chini chochote alichobeba. Nikasema, "Mama Mkubwa, vile vijiti vya kaburini, kule chini, si Mama aliyekata. Nilikata mimi."

"Tunajua," alisema.

Kisu changu kikasimama.

"Baba Mkubwa wako amekata kahawa tangu ana miaka saba. Aliangalia mkato ule mara moja. Mshazari namna ile, na samadi imezungushwa. Mkweo hakuwahi kushika msumeno maisha yake." Alichukua ndizi nyingine. "Si ndiyo alimwita nyuma ya jikoni? Alimwambia, shemeji, sema kweli mbele ya watu. Binti arudi kwao Akheri leo hii, wewe ubaki na nyumba yako, tutakuletea maua mengine. Ama ushike uongo wako upande gari."

"Akasema nini?"

"Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Alinawa mikono kwanza. Akasema, 'Kaburi limeshakatwa. Na huyu naye nimkate?' Akaenda kufunga godoro." Mama Mkubwa akanitazama. "Kwani hakukuambia? Sisi tulidhani unajua. Menya vizuri, unatupa nusu ya ndizi."

Nikaendelea kumenya. Kutoka pale nilipokaa niliuona mlango wa chumba cha nyuma, umeachwa wazi ili kipate hewa, kitanda kimeshatolewa. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa naingia mle kila Krismasi na kila Pasaka, nakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba nimeushika mapajani, dakika kumi na tano, halafu namwambia gari litaniacha.